Gari la Marehemu Hamid: Hundi ya Ijumaa

Leso ilikuwa nyeupe. Shukri aliiona leso kabla hajamwona aliyeishika.

Mnakumbuka tulivyomwacha, wasomaji: amesimama na baiskeli yake kwenye kona ya Ndia Kuu, Mombasa, katoka kazini bandarini. Mbele yake liko lile Pijo 504 la rangi ya maziwa, gari la Hamid, mume wa kwanza wa mkewe, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Kwenye usukani yuko mwanamume asiyemjua. Kwenye kiti cha nyuma yuko Nabiha, mkewe, machozi yanamtiririka. Na yule mwanamume amegeuka, anampa leso.

Milango yote minne ya gari ilikuwa wazi. Lakini wivu hauoni mlango ulio wazi.

Shukri aliiangusha baiskeli palepale njiani.

"Wewe nani? Toka humo!"

Mwanamume alitoka taratibu. Kanzu yake ilikuwa imenyooshwa kwa pasi, haina hata mkunjo mmoja. Alinukia udi.

"Asalaam aleikum, sheikh. Bila shaka wewe ndiye Bwana Shukri. Mimi naitwa Zein. Nimeliona tangazo lenu gazetini, nimekuja kulitazama gari."

"Kulitazama gari, au kumfuta machozi mke wangu?"

"Shukri!" Nabiha alishuka akalitengeneza buibui lake. "Mgeni ametaka kuisikia injini tu. Bi Jana yuko pale barazani kwake, atutazama tangu mwanzo. Muulize."

Bi Jana, jirani, aliinua mkono kuthibitisha.

"Na machozi ni ya nini?"

Nabiha hakujibu.

Kule kunyamaza ndiko kulikomchoma. Kama angekuwa analia kwa sababu ya Zein, Shukri angejua la kufanya. Angemkunja kanzu wakamalizana. Lakini alijua anayeliliwa ni nani. Utampigaje ngumi mtu aliyekwisha zikwa?

Kwa aliyeanza kusoma leo, nimweleze kwa ufupi. Shukri Ngala, mzaliwa wa Takaungu, karani wa bohari kule Kilindini, alimuoa Nabiha miezi minane iliyopita. Nabiha ni wa watu wa Ndia Kuu, Waarabu wa tangu na tangu. Shukri alihamia nyumbani kwa mke, na watoto wa mtaa wakampachika jina. Hawakumwita Shukri. Walimwita "mume wa mke wa Hamid".

Gari lenyewe Hamid alilinunua kwa jina la Nabiha, zawadi. Kitabu cha gari kina jina lake. Kila Ijumaa asubuhi Nabiha alilipangusa vumbi kwa kanga kuukuu, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Mara ngapi alimwambia mumewe, "Chukua ufunguo, endea kazini." Na kila mara Shukri alijibu, "Sikalii kiti kilichopashwa moto na mwenzangu." Akapanda baiskeli.

Mwishowe, baada ya magomvi yasiyo hesabu, Nabiha alisalimu amri. "Liuzwe basi, roho yako itulie. Lakini pesa zitakazopatikana ni cherehani tatu na chumba cha kushonea. Hizo hazina mjadala."

Ndivyo tangazo lilivyoingia gazetini. Ndivyo Zein alivyofika.

"Mwataka laki moja na themanini," alisema Zein akilipapasa boneti. "Sawa. Nimekubali."

Nabiha aligutuka. "Huombi kupunguziwa?"

"Kitu kizuri hakishushwi bei, bibi."

Nabiha alimvuta mumewe hadi kwenye kizingiti cha nyumba yao.

"Shukri, nisikilize. Mji huu mtu huomba apunguziwe hata fungu la mchicha. Huyu yuwanunua gari na hata shilingi kumi haombi? Mtu kama huyo ama hajui gari, ama hana nia ya kulipa."

"Ama wewe huna nia ya kuuza."

"Kaingu ametupa laki moja na arobaini. Pesa taslimu. Tena amesema twende naye benki, azitoe mbele yetu, ziingizwe palepale katika akaunti yangu, ndipo apewe kitabu. Huyo ndiye mnunuzi."

Kaingu! Jina hilo lilimpanda Shukri kichwani. Kaingu ni fundi wa magari kule Tononoka, aliyelihudumia Pijo tangu enzi za marehemu. Jumapili iliyotangulia alikuja kulitazama, akalizunguka akitikisa kichwa. "Hamid alikuwa mtu wa gari huyu," alisema. "Hakuna aliyelijua gari lake kama Hamid." Mara tatu alisema hivyo, mbele ya Shukri.

"Kaingu simuuzii," alisema Shukri. "Hata akileta milioni."

Zein alikuwa kando ya gari, mikono nyuma. Sijui alisikia kiasi gani. Mtu mwenye kazi kama yake husikia yote.

"Sheikh, kidogo," alimwita Shukri pembeni. "Niwie radhi, mimi ni mtu mzima, naona. Gari hili lakukera."

Shukri alilitupia gari jicho.

"Nina shemeji yangu, alioa mjane kama wewe. Nyumba ikajaa vitu vya marehemu. Saa ya marehemu, fimbo ya marehemu, mpaka kitanda. Akawa kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe." Zein alishusha sauti. "Huyo fundi wenu akilinunua, litazunguka papa hapa kisiwani. Leo lipo Bondeni, kesho lapita Ndia Kuu, na mkeo kila akilisikia ataruka dirishani. Mimi nalipeleka Garissa. Hamtaliona tena maisha."

Hamtaliona tena maisha! Kwa miezi minane Shukri alikuwa akingoja mtu amwambie maneno hayo.

"Utalichukua lini?"

"Kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Nitaleta hundi ya benki. Si hundi ya mtu binafsi, la. Ya benki yenyewe. Ni sawasawa na pesa mkononi."

Wakapeana mikono.

* * *

Ijumaa. Watu walitoka msikitini, wakala, wakapumzika. Saa nane ikapita. Nabiha alikuwa amevaa tayari, mkoba begani, akingoja waende benki pamoja na mnunuzi.

Saa tisa kasoro dakika tano, hodi.

"Niwieni radhi, mgeni wa ghafla alinikamata," alisema Zein akivua viatu. Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na hundi nzito, imepigwa mihuri miwili, sahihi mbili, na jina la Nabiha limechapwa kwa mashine bila kosa.

Nabiha aliisoma mbele na nyuma. "Nzuri. Sasa benki zafungwa. Kesho pia hawafungui. Jumatatu asubuhi tutakwenda sote watatu. Wakisema ni sahihi, utachukua gari na kitabu chake."

Zein alicheka kwa adabu. "Bibi, Jumatatu mimi natakiwa Garissa. Dereva yuwaningoja."

"Basi acha hundi, uje wiki ijayo."

"Niache laki moja na themanini, niondoke mikono mitupu?"

"Na mimi nikupe gari, nibaki na karatasi?"

Msomaji, laiti mambo yangeishia hapo! Mwanamke alikuwa ameshasema yote yaliyopaswa kusemwa. Lakini Zein hakumjibu yeye. Alimgeukia Shukri, akamtazama kwa huruma, akasema maneno manne tu.

"Sheikh, naona hajawa tayari."

Damu ilimpanda Shukri.

"Nabiha, wataka kulilalia gari hilo siku tatu zaidi? Wataka kuagana nalo vizuri?"

"Nataka pesa zangu ziwe salama."

"Uongo! Wamtaka yeye! Miezi minane naishi na watu wawili nyumba hii. Nikila yupo. Nikilala yupo. Chagua leo, mbele ya mgeni. Mimi, au gari la maiti!"

Zein aliinamisha kichwa, akachezea tasbihi yake.

Nabiha hakulia. Alikwenda chumbani, akarudi na kitabu cha gari na fomu ya kuhamisha umiliki. Akaweka sahihi wima, bila kukaa. Kisha akaviweka vyote mikononi mwa mumewe, ufunguo juu.

"Simpi yeye," alisema. "Nakupa wewe. Utakalofanya ni lako."

Shukri alivichukua. Alimtazama Zein machoni, akaitazama kanzu yake, akaitazama leso iliyochungulia mfukoni. Hundi hakuitazama hata mara moja.

"Chukua," alisema. "Lipeleke."

Baada ya dakika mbili Pijo lilikuwa limeshapinda kona.

* * *

Jioni ile Shukri alikula sahani mbili za wali. Alitoka barazani, akakaa mahali gari lilipokuwa likiegeshwa, akanyoosha miguu. Alijiona mrefu. Watoto walipopita aliwaita kwa majina, akawagawia peremende.

Lakini ndani Nabiha alikuwa kimya, na kimya chake kikaanza kumla Shukri upya. Anawaza nini? Anamwaza nani? Gari limekwenda na yule maiti bado hajaondoka!

Jumamosi asubuhi, hodi tena. Shukri alifungua nusu mlango. Alikuwa Kaingu, na ovaroli lake la mafuta, anahema.

"Bwana Shukri, habari za asubuhi. Nataka kuzungumza na wewe na Bi Nabiha. Ni juu ya lile gari la Ha..."

Hakulimaliza jina.

"Gari limeuzwa!"

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja. Nimeliona..."

"Umeliona ukalilia? Nenda kalie Tononoka. Na usikanyage hapa tena, wewe na hadithi zako za Hamid!"

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

"Nani huyo?" Nabiha aliuliza kutoka jikoni.

"Mtu amekosea nyumba."

* * *

Jumatatu saa tatu kamili walikuwa wa kwanza dirishani benki. Karani, dada mmoja aitwaye Kache, alipokea hundi akitabasamu. Akaitazama. Tabasamu likapungua. Akaiinua kwenye mwanga, akasugua muhuri kwa kidole, akaondoka nayo bila kusema.

Alirudi baada ya robo saa na meneja.

"Bi Nabiha," alisema meneja, "hundi hii haikutoka kwetu. Nambari hii hatuna. Hizi sahihi ni za watu wasiokuwepo."

"Lakini ni hundi ya benki!" Shukri alipiga kelele. "Aliniambia ni sawasawa na pesa!"

"Ikiwa imetoka benki kweli, bwana. Na mwenye kujua imetoka benki ni benki."

Kache alisema kwa upole, "Pole, mama. Hii ni ya tatu mwezi huu. Zote huletwa Ijumaa, jua limeshapinduka. Mngepiga simu tu kabla ya kumpa kitabu, tungewaambia papo hapo."

Nabiha alishukuru. Alichukua mkoba wake, akatoka, akashuka ngazi, akavuka barabara. Shukri alimfuata nyuma kama mtumwa. Alingoja atukanwe. Hakutukanwa.

"Nabiha, sema kitu."

"Cherehani tatu," alisema Nabiha. "Ndilo neno nililo nalo."

"Nitalitafuta. Wallahi nitalipata."

"Utalipata vipi? Wajua nini kuhusu gari lile? Hujapata kulikalia hata mara moja."

Ilikuwa kweli. Mombasa nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyelijua lile gari kwa kila kovu. Na mtu huyo Shukri alikuwa amemfungia mlango usoni.

Walimkuta Kaingu chini ya lori, Tononoka. Alijivuta nje, akamwona Shukri, akarudi chini ya lori.

"Kaingu," alisema Nabiha. "Tumeibiwa."

Fundi alitoka tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa tambara.

"Bi Nabiha, mimi nililiona gari lako Jumamosi asubuhi, Bondeni, nyuma ya duka moja la mbao. Limefunikwa turubai, lakini taa ya nyuma niliibadilisha mwenyewe, nikaijua. Mtu mmoja wa kanzu alikuwa akiuliza wapita njia nani ataka Pijo kwa laki moja. Nikashangaa. Bei hiyo si ya mtu aliyelipa. Nikakimbia mbio kuja kwenu."

"Mbona hukufika?"

Kaingu alimtazama Shukri. Shukri alitazama chini.

Nabiha alielewa. "Mtu aliyekosea nyumba," alisema taratibu.

* * *

Walipiga ripoti, na polisi hawakuchelewa. Alasiri ile Sajini Ogutu na askari wawili waliingia Bondeni, Kaingu akiwaonyesha njia. Turubai lilikuwepo, na Pijo chini yake. Na Zein alikuwa kwenye usukani, na kanzu nyingine, akimsikizisha mnunuzi mwengine injini. Hakukimbia. Alishuka, akanyoosha mikono apigwe pingu, akasema, "Bismillahi, twende."

Gari lililala uani mwa kituo. Mngesema yamekwisha, sivyo? Nabiha alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Shukri alihisi Mungu amemsamehe.

Ofisini, Sajini Ogutu alivuta daftari. "Mama ameshasema alikataa kutoa kitabu. Sasa wewe, bwana. Wewe ni karani wa bohari. Kila siku wahakiki karatasi za watu. Ilikuwaje ukatoa gari na kitabu chake kwa hundi ambayo benki haijaiona?"

Shukri angeweza kusema alidanganywa. Angeweza kusema hakujua. Lakini mkewe alikuwa karibu yake, na Kaingu mlangoni, naye alikuwa amechoka kujificha. Akaamua kusema kweli, mara moja katika maisha yake.

"Wivu, afande."

Kalamu ilisimama. "Wivu wa nani?"

"Wa mume wake wa kwanza. Amekufa, najua. Nilikuwa namwonea wivu maiti. Kila nikiliona lile gari naona nimeazimwa mke, mwenyewe akirudi nitamrudisha. Nilitaka gari litoke nyumbani kwangu. Lichukuliwe na nani, kwa nini, sikujali. Ningelitoa hata bure."

Nabiha aligeuka akamtazama. Macho yake yalilainika. Mkono wake ulianza kusogea juu ya benchi, kuelekea kwa mumewe.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na Zein akaingizwa na pingu zake.

"Nasikia nashtakiwa kutapeli," alisema kwa sauti ileile ya upole. "Afande, nitasema kweli, maana sina haja ya kubeba mzigo wa watu wawili. Mimi sikumtapeli mtu. Mimi niliitwa."

"Na nani?"

Zein aliinua mikono yake miwili iliyofungwa, akamwelekezea Shukri.

"Na huyu. Alinifuata wiki mbili kabla ya tangazo. Alisema mkewe hataki kuuza, na akiuza pesa zote zitakuwa za mke. Nikatafuta hundi. Yeye akatafuta kitabu. Tungegawana nusu kwa nusu."

"Mwongo!" Shukri aliruka. Askari akamrudisha chini. "Mimi simjui! Nabiha, Wallahi simjui!"

"Hunijui?" Zein alitikisa kichwa kwa huzuni. "Nani aliyemlazimisha bibi kuweka sahihi? Nani aliyemfukuza yule fundi aliyekuja na habari? Askari walizungumza njiani, nimesikia. Nilimfukuza mimi?"

Sajini Ogutu alirudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "'Nilitaka gari litoke nyumbani kwangu. Lichukuliwe na nani, kwa nini, sikujali.' Maneno yako haya, bwana, au si yako?"

Shukri alilikodolea macho daftari. Ukweli wa pekee aliowahi kuusema ulikuwa umelala pale daftarini, umegeuka ushahidi.

"Mama," sajini alimgeukia Nabiha. "Huyu waishi naye wewe. Unamwamini au humwamini? Nikiandika mshirika, atalala ndani leo."

Wote walimtazama. Ule mkono uliokuwa ukisogea juu ya benchi ulikuwa umesimama katikati. Nabiha aliurudisha mapajani.

"Afande," alisema, "mume wangu wa kwanza niliishi naye miaka sita. Sikumtilia shaka hata siku moja."

Shukri alihisi kisu. Hata hapa! Hata katika kituo cha polisi, maiti amemshinda!

"Nataka kuandika maelezo mapya," Nabiha aliendelea. "Yale ya mwanzo yana upungufu. Lakini nitaandika peke yangu. Huyu atoke nje."

"Nabiha..."

"Atoke nje, afande."

Askari alimshika Shukri mkono, akamtoa hadi ukumbini, mlango ukafungwa. Shukri alibandika sikio kwenye mbao. Alisikia kiti kikivutwa, kalamu ikijaribiwa, sajini akikohoa. Kisha sauti ya mkewe, wazi, haitetemeki, ikaanza kusema.

Jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la Hamid.

(Itaendelea.)